Pigo Lisiloonekana

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Wengi mnajua kwamba tangu niondoke shuleni hapa kazi yangu ni kuunda mashua za faiba. Leo nitasema juu ya jambo moja tu, nalo ni jinsi faiba inavyostahimili kugongwa.

Faiba ni kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa rezini, tabaka juu ya tabaka, kikakauka. Nyuzi zake zina nguvu ajabu zikivutwa. Lakini kati ya tabaka na tabaka hamna uzi, mna rezini peke yake. Bati likigongwa hubonyea, kila mtu akaona. Faiba hurudi mahali pake, kumbe ndani tabaka zimeachana.

Somo hilo nililipata kwa aibu. Mvuvi mmoja aliniletea mashua iliyogonga mwamba. Niliona rangi imechubuka tu, nikamwambia, "Nenda baba, haina neno." Siku chache baadaye ilipasuka pale pale, ndani mna watu wanne. Bahati njema, ngalawa iliyokuwa ikipita iliwaokoa.

Hata wakubwa yamewafika. Kampuni ya Rolls-Royce ya Uingereza ilitengeneza mapanga ya feni ya injini ya eropleni, RB211, kwa nyuzi za kaboni. Mwaka 1970 yalijaribiwa kwa kufyatuliwa ndege mfu, yakavunjika. Ikabidi warudie madini ya titani.

Dawa ilikuja kupatikana katika ufumaji. Mapanga ya injini ya LEAP, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2016, hufumwa kwa nyuzi za kaboni kwa urefu, kwa upana na kwa unene, ndipo rezini huingizwa. Ukingo wa mbele huvikwa titani. Uzi unaopenya kutoka tabaka hadi tabaka huzuia ufa usienee.

Mimi mtambo huo sina, nina sarafu. Mashua iliyogongwa naipiga kwa sarafu shibri kwa shibri. Palipo pazima hulia kwa sauti kali, palipoachana sauti huwa nzito. Hapo nakata, naweka kitambaa kipya.

Mwalimu wetu wa fizikia alizoea kutuonya tusiandike jibu kabla ya kupima. Mimi nilimwelewa siku ile watu wanne walipoletwa pwani wamelowa. Yule mvuvi bado huja kwangu, na kabla ya salamu huniuliza, "Fundi, umeshagonga?"