Mkulima Angojaye Mvua

Leo nataka tuzungumze juu ya mboga.

Huenda mwingine akauliza, "Mboga? Je, hilo nalo ni neno la kuhubiriwa?" Ndugu yangu, Yakobo hakuona haya kuhubiri habari za shamba. Alipotaka kuwafundisha uvumilivu Wakristo waliokuwa wakionewa na matajiri, hakuwapeleka kwa askari wala kwa mfalme. Katika sura ya tano ya waraka wake, mstari wa saba, anawaambia wamtazame mkulima, jinsi anavyoyangoja mazao ya nchi mpaka mvua za mwanzo na za mwisho zinyeshe. Kule Palestina mvua za mwanzo huja mnamo Oktoba na Novemba, wakati wa kulima na kupanda. Zile za mwisho huja Machi na Aprili, karibu na mavuno. Katikati yake pana miezi mingi.

Wengi wetu tukisoma maneno hayo twadhani kwamba kungoja ni kukaa. Twamwona mkulima ameketi kivulini, mikono magotini, macho mbinguni. Aliyefikiri hivyo hajapata kulima sukuma wiki.

Tumtwae mama mmoja wa huku kwetu katika nyanda za juu za Kenya, tuseme upande wa Limuru. Ana robo ekari. Amegawa tuta kwa tuta: sukuma wiki, kabichi, nyanya kidogo, na mnavu kando ya ua. Katika robo ekari hiyo hutoka karo, sabuni, mafuta ya taa na sadaka ya Jumapili. Mvua za masika huanza katikati ya Machi au mwisho wake, zikaendelea hadi Mei. Sasa niambie, kazi ya mama huyu yaanza lini?

Yaanza Februari, wakati jua ni kali na mbingu ni nyeupe. Mche wa kabichi hukaa kitaluni majuma manne hata sita kabla ya kupandikizwa. Kwa hiyo akitaka miche iwe tayari ardhi itakapolowa, ni lazima asie mbegu kabla ya wingu la kwanza kuonekana. Anachanganya samadi iliyooza vizuri na udongo, anasia kwa mistari, anafunika kwa nyasi kavu, na asubuhi na jioni anateka maji mtoni. Majirani wanapita, wanamtazama akinyunyizia kitalu huku nchi yote ni vumbi. Mhubiri katika sura ya kumi na moja anatuonya kwamba mtu anayeutazama upepo na kuyapima mawingu hatapanda wala hatavuna. Mama huyu hajakisoma kitabu hicho kwa macho tu.

Na mvua ikichelewa? Hapo ndipo moyo hujaribiwa. Miche hurefuka na kukonda kitaluni kama watoto waliosongamana kitanda kimoja. Je, aipandikize katika vumbi na kubeba maji kwa mgongo, mtungi baada ya mtungi? Au aiache, naye aihatarishe? Hakuna mhubiri awezaye kumjibu kutoka redioni. Lakini wakulima wenye busara wana desturi moja: hawasii mbegu zote siku moja. Wiki mbili baada ya kitalu cha kwanza wanatengeneza cha pili. Ikiwa cha kwanza kitakauka, cha pili kitakuwapo. Sura ile ile ya Mhubiri yatushauri tupande asubuhi na jioni tusiulegeze mkono, kwa kuwa hatujui ni ipi itakayofaulu. Nadhani mwandishi yule alikuwa na bustani.

Ndugu wasikilizaji, miaka hii imetufundisha mengi. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, sehemu nyingi za nchi yetu zilikosa mvua ya kutosha misimu mitano mfululizo. Mifugo ikafa kaskazini, na mito midogo ikawa njia za kupitia miguu. Kisha mwishoni mwa 2023 ikaja El Niño na mafuriko. Masika ya 2024, Aprili na Mei, maji yakaja tena kwa nguvu, hata shule hazikufunguliwa kwa tarehe iliyowekwa. Waliokuwa wakiomba mvua wakaanza kuomba jua. Kitalu kilichonyunyiziwa kwa miezi miwili kilichukuliwa na maji kwa usiku mmoja, pamoja na samadi yake.

Hata mvua ya kiasi ina majaribu yake. Ikija Juni, na Julai, na mawingu yakashuka juu ya Limuru, manyunyu huanguka kutwa na majani hayakauki. Hapo ukungu huingia katika nyanya na viazi. Jioni waliacha shamba la kijani; baada ya siku chache majani ni meusi, kana kwamba mtu ameyamwagia maji ya moto. Dawa inayopigwa baada ya kuona hayo imechelewa. Kazi ilikuwa ya mapema: kuacha nafasi kati ya mimea ili upepo upite, kuisimamisha kwa vijiti, kukata majani yanayogusa udongo, na kutopanda nyanya mahali palipokuwa na viazi msimu uliopita. Wakati wa kiangazi nako, wadudu wadogo hujaa chini ya majani ya sukuma wiki, wale ambao mvua kubwa ingewaosha. Kila hali ya hewa ina kazi yake.

Na ajabu nyingine: mvua ikiwa njema kwa wote, kabichi hujaa sokoni, na bei huanguka mpaka mama hurudi nyumbani na gunia alilotoka nalo. Hilo nalo wachache hulitaja wanapotoa ushuhuda.

Sasa nataka kusema neno ambalo huenda lisipendeze wote. Shamba la mtu likiharibika, sisi wa kanisani hufika kumpa pole. Vema. Lakini mara nyingine, kabla ya chai kuisha, mmoja wetu huuliza kwa sauti ya chini kama hakuna jambo ambalo Mungu anamwonya juu yake. Labda zaka. Labda ugomvi na mama mkwe. Mwenye shamba hunyamaza, na usiku halali.

Wataalamu wa hali ya hewa wanatueleza kwamba Bahari ya Hindi ikiwa na joto zaidi upande wetu kuliko upande wa Indonesia, mvua za vuli huelekea kuwa nyingi. Mambo yakiwa kinyume, huelekea kupungua. Je, ni ugomvi wa mama wa Limuru uliopasha bahari moto? Soma Luka sura ya kumi na tatu. Watu kumi na wanane waliangukiwa na mnara kule Siloamu, nao watu wakawa na fikira hizo hizo. Yesu akazikataa. Alisema waziwazi kwamba wale hawakuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu, kisha akawageuzia waulizaji mioyo yao wenyewe. Basi anayekwenda kutoa pole shambani aache hukumu yake langoni.

Achukue nini badala yake? Karibu kila mkulima husia zaidi ya anavyohitaji, kwa kuogopa hasara. Baada ya kupandikiza, miche hubaki kitaluni, hurefuka, hutupiwa ng'ombe. Miche mia mbili ya sukuma wiki hubebwa katika karai moja. Ikiingia ardhini juma hili ingali ina unyevu, baada ya miezi miwili hivi jirani huanza kuchuma. Chama cha akina mama chaweza kuuliza jambo hili baada ya ibada: ni nani aliyebakiwa na miche, na ni nani aliyekosa? Haichukui dakika tano. Na vijana wenye nguvu wabebe karai.

Tuombe. Ee Bwana, uwakumbuke waliosia mbegu na bado hawajaona wingu. Uwakumbuke waliochukuliwa kitalu na maji, ambao karo ya muhula ujao ilikuwa ndani yake. Utufungue macho tuone miche iliyobaki kwetu kabla haijanyauka. Kwa jina la Yesu. Amina.