Mwalimu Ugenini: Yanayoshtua na Yanayofunza
(Hotuba iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi wao)



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad s.a.w., nimetakiwa nizungumze nanyi, hasa vijana mnaojiandaa kwenda kujitolea katika shule za nchi za nje, juu ya hali ambayo wataalamu huiita mshtuko wa kitamaduni. Mimi nilijitolea kwa mwaka mmoja wa masomo katika shule ya msingi karibu na Oslo, mji mkuu wa Norwe. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la serikali ya nchi hiyo lililoitwa Fredskorpset, na ambalo tangu mwaka 2018 linaitwa Norec, limekuwa likigharimia vijana wa kwao kuja huku na vijana wa huku kwenda kwao. Kwa hiyo jambo hili linawahusu wengi.

Jina la mshtuko huu lilienezwa na Kalervo Oberg, mtaalamu wa mila za wanadamu, ambaye katika miaka ya 1930 aliuchunguza ufalme wa Ankole nchini Uganda. Katika makala yake ya mwaka 1960 alieleza kwamba mgeni hufadhaika kwa sababu amepoteza zile alama ndogo ndogo zinazomwongoza mtu bila ya kufikiri: amsalimie nani, lini aseme na lini anyamaze. Mwanzoni hufurahia kila kitu. Kisha hufika kipindi cha uchungu, akawalaumu wenyeji kwa kila jambo. Akisubiri na kujifunza, hupona.

Hata masahaba walionja hali inayofanana na hii. Muhajirina walipofika Madina, Abubakar na Bilal r.a. walishikwa na homa, na Bilal akawa akitamka mashairi ya kulitamani bonde la Makka na majani yake. Mtume s.a.w. alipopata habari zao, alimwomba Mwenyezi Mungu awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka, au zaidi. Basi kijana akikumbuka kwao usiku wa baridi, asidhani kwamba imani yake imepungua.

Sasa nieleze yale niliyoyaona. Mwalimu akiingia darasani, watoto hawasimami. Humwita kwa jina lake la kwanza, kama wanavyoitana wenyewe. Wakikosolewa humtazama mwalimu usoni, ilhali kwetu mtoto mwenye adabu huinamisha macho. Wakati wa mapumziko hutolewa nje kucheza, mvua ikinyesha au theluji ikianguka. Katika darasa la kwanza hadi la saba hawapewi alama wala nafasi, na hakuna aliye wa kwanza wala wa mwisho. Katika basi watu huketi mbalimbali na kunyamaza kimya, na anayeingia hasalimii.

Kwa mizani ya kwetu, mengi ya hayo ni utovu wa adabu au ukosefu wa huruma. Lakini dini yetu imetukataza dhana mbaya, na dawa ya dhana ni kuuliza. Nilimwuliza mwalimu mwenyeji kuhusu macho ya watoto. Akajibu kuwa kwao mtoto anayetazama chini huonekana anaficha jambo, na anayetazama usoni huonyesha kwamba anasikiliza. Kumbe heshima ni ile ile, ila imevaa vazi jingine!

Ndugu zangu, mambo ya ugenini ni ya aina tatu, na asiyeyatenganisha hutaabika.

La kwanza ni desturi isiyogusa dini. Hiyo mgeni aifuate. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Naye anayepewa jembe hulima kwa namna ya shamba lile.

La pili ni jambo linalogusa dini. Hilo alishike na kulieleza waziwazi. Mwezi wa Desemba jua la Oslo huchomoza baada ya saa tatu asubuhi na kutua kiasi cha saa tisa na dakika kumi mchana, hata Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote zikaweza kumkuta mtu kazini. Nililieleza hilo kwa mkuu wa shule mapema, nikapewa chumba kidogo cha vitabu. Jaafar bin Abi Talib r.a., aliposimama mbele ya Najashi mfalme wa Habasha, hakuificha imani yake wala hakumtukana mwenyeji wake.

La tatu ndilo zito zaidi: jambo ambalo wenyeji wametutangulia kwa uzuri. Norwe iliharamisha viboko katika shule za msingi mwaka 1936, na sheria ya mwaka 1987 ikawakataza wazazi pia. Siku moja mtoto mmoja alimwaga rangi kwa hasira juu ya kazi ya mwenziwe. Mwalimu alichutama mbele yake, akangoja atulie, akazungumza naye, kisha mtoto akasafisha na kuomba radhi. Nilimwuliza: asipoogopa, atatii kwa sababu gani? Akasema, “Nataka aache kosa hata nisipokuwepo.”

Maneno hayo yalinishtua kuliko theluji. Kuacha uovu pasipo mtu wa kukuona, je, si ndiyo taqwa tunayoihubiri kila Ijumaa? Anas bin Malik r.a. alimtumikia Mtume s.a.w. miaka kumi tangu utoto wake, naye ameshuhudia kwamba hakuambiwa hata neno la kuguna. Nasi tunatafuta taqwa kwa fimbo! Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 ziliweka kikomo cha viboko vinne, tena kwa mamlaka ya mkuu wa shule. Lakini tuulizane kwa haki, katika madrasa zetu nani huhesabu? Ni mtoto gani amechukia juzuu kwa sababu ya mkono wa aliyemfundisha?

Sisemi kwamba kila cha kwao ni bora. Mwalimu yule yule aliniomba niwafundishe watoto jinsi tunavyosalimiana na jinsi tunavyowaheshimu wazee, nao wakalipenda somo hilo. Anayejitolea huenda na kitu mkononi na hurudi na kitu. Aliyerudi na dharau kwa wenyeji amepata hasara. Aliyerudi na dharau kwa watu wake amepata hasara kubwa zaidi.

Wazazi na walimu wa madrasa mlio hapa, nawaombeni tuanze na hilo la fimbo, kabla hatujampeleka kijana yeyote kufundisha watoto wa wengine.

Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuona wema popote ulipo, na moyo wa kuuchukua. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam.