Kompyuta ya Kikundi Ikinyamaza

Juzi kompyuta yetu ya Ubuntu ilikaa kimya siku tisa nzima. Akina mama wasiojua kusoma hutegemea kusikiliza masomo ya mbuzi wa maziwa, basi wakawa wanarudi nyumbani bure. Fundi akasema tununue kadi mpya ya sauti. Karibu tufungue sanduku la kikundi!

Tulianza na nyaya. Spika huchomekwa kwenye tundu la kijani. La waridi ni la maikrofoni. Zetu zilikuwa sawa. Tukaingia mipangilio, sehemu ya sauti. Kumbe sauti ilikuwa inapelekwa kwenye skrini kwa waya wa HDMI, na skrini yenyewe haina spika! Tukachagua spika. Bado kimya. Ndipo tukafungua terminali, tukaandika alsamixer, tukabonyeza F6 na kuchagua kadi yetu. Chini ya nguzo moja palikuwa na herufi MM, yaani imefungwa. Tukabonyeza M, ikawa OO, tukaipandisha kwa mshale wa juu.

Mama mmoja aliruka, mbuzi alilia kwa nguvu mno. Kadi ni ile ile ya zamani. Fundi bado anatudai nauli.