Simu Mpya Ipimwe kwa Miaka ya Utumishi Wake

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma.



Kila ufikapo mwezi Septemba, kampuni ya Apple ya Marekani huwa na desturi ya kutangaza toleo jipya la simu yake ya iPhone. Kampuni ya Samsung ya Korea Kusini nayo hutoa toleo lake kubwa la Galaxy katika miezi ya mwanzo wa mwaka. Katikati ya nyakati hizo makampuni ya China hayapumziki. Tecno, Infinix na itel, ambazo zote ni mali ya kampuni moja iitwayo Transsion yenye makao yake Shenzhen, huteremsha madukani matoleo mengi kiasi kwamba hata wauzaji wenyewe huchanganya majina yake. Matokeo yake ni kwamba mtumishi hawezi kupita Kariakoo asikute ndani ya kabati la kioo simu ambayo haikuwapo mara ya mwisho alipopita.

Je, simu hiyo inafaa kununuliwa? Wapo watakaosema kwamba simu janja ni anasa tu na kwamba mtumishi mwenye busara hana haja ya kuifikiria. Kauli hiyo imepitwa na wakati. Leo taarifa ya mwalimu mkuu hupitia WhatsApp, alama za mitihani hujazwa kwa simu, mchango wa msiba hutumwa kwa simu, na mzazi aliye mbali huulizia maendeleo ya mtoto wake kwa simu. Mwalimu ambaye simu yake imeganda asubuhi ya siku ya kikao amenyang'anywa kitendea kazi, sawa na kunyang'anywa chaki. Kwa hiyo haja ya simu inayofanya kazi haibishaniwi. Linalobishaniwa ni kama simu hiyo lazima iwe ile iliyotoka jana.

Historia ya vyombo hivi, ingawa ni fupi, ina mafunzo kwa wenye haraka. iPhone ya kwanza iliingia sokoni Marekani tarehe 29 Juni 2007, na ile yenye hifadhi kubwa zaidi iliuzwa kwa dola 599. Watu walipanga foleni nje ya maduka. Tarehe 5 Septemba ya mwaka huohuo, yaani baada ya miezi miwili na siku chache, bei ya simu ileile ilishushwa hadi dola 399. Wanunuzi wa kwanza walilalamika kwa nguvu hata kampuni ikalazimika kuwapa hati ya dola 100 ya kununulia bidhaa zake. Dola 100 nyingine zilikwisha kupotea.

Mkasa wa pili ulikuwa mzito zaidi. Tarehe 19 Agosti 2016 Samsung ilianza kuuza Galaxy Note 7, simu iliyosifiwa na wengi kuwa bora kuliko zote zilizoitangulia. Haukupita muda betri zikaanza kushika moto. Tarehe 2 Septemba kampuni ikatangaza kuzirudisha. Zilizotolewa badala yake nazo zikashika moto, na tarehe 11 Oktoba utengenezaji ukasimamishwa kabisa. Mwezi Januari 2017 kampuni ilieleza kwamba kasoro ilikuwa katika betri za watengenezaji wawili tofauti. Ikumbukwe kwamba wachambuzi walioisifu simu ile hawakusema uongo. Walisifu walichokiona katika siku chache walizokuwa nayo. Kasoro ya namna hiyo huonekana baada ya maelfu ya watu kuitumia, kuichaji usiku na kuiweka mfukoni. Anayesubiri miezi mitatu au minne hupata faida ya uzoefu wa hao waliotangulia, tena bila malipo.

Hata hivyo kusubiri nako kuna mpaka wake, na jambo hili halizungumzwi vya kutosha. Simu janja huishi kwa masasisho, yaani marekebisho ya programu yanayotumwa na kampuni ili kuziba mianya ya wezi na kuiwezesha simu kupokea programu mpya. Masasisho yakikoma, simu inaendelea kuwaka, lakini polepole hukataliwa na dunia. Tarehe 24 Oktoba 2023, kwa mfano, WhatsApp iliacha kufanya kazi katika simu za Android zilizokuwa chini ya toleo la 5.0. Simu hizo hazikuwa zimevunjika. Vioo vyake vilikuwa vizima na betri zake pengine zilikuwa zinakaa na moto.

Sasa, ahadi ya masasisho huhesabiwa tangu siku toleo lilipozinduliwa duniani, wala haihesabiwi tangu siku mwalimu alipolipa. Samsung ilipozindua Galaxy S24 mwezi Januari 2024 iliahidi miaka 7 ya masasisho; Google ilikuwa imeahidi hivyohivyo kwa Pixel 8 mwezi Oktoba 2023. Mtu atakayeinunua S24 mwaka 2027 kwa bei ya chini atakuwa amebakiwa na miaka 4. Hiyo bado ni miaka mingi. Lakini simu ya bei ndogo ambayo kampuni yake imeahidi miaka 2 tu, ikinunuliwa baada ya kukaa dukani mwaka mzima na nusu, imebakiza miezi 6. Punguzo la bei hapo ni sawa na punguzo la mkate wa juzi. Muuzaji asiyejua kujibu swali la masasisho, na wengi hawajui, asilaumiwe sana. Lakini mnunuzi asitoe fedha kabla ya kupata jibu kwingine.

Kinachotangazwa kwa sauti kubwa ni mambo mengine kabisa. Kamera, mathalani, huuzwa kwa hesabu ya megapikseli, na mnunuzi huaminishwa kwamba 108 lazima ziwe bora kuliko 12. Ukweli ni kwamba mwaka 2012 Nokia ilitoa simu ya 808 PureView yenye megapikseli 41, ilhali kamera kuu ya iPhone haikuzidi 12 hadi toleo la 14 Pro la mwaka 2022, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyesema kwamba iPhone haipigi picha. Ukubwa wa kipokea mwanga, ubora wa lenzi na ustadi wa programu inayoichakata picha vina uzito kuliko hesabu hiyo. Mwalimu anayepiga picha ya ukurasa wa kitabu ili awatumie wanafunzi haitaji zaidi ya kamera inayosomeka.

Tuhuma nyingine inayostahili kuchunguzwa ni ile ya simu ya zamani kuwa "imechoka". Mwezi Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa ikipunguza mwendo wa baadhi ya simu zake za zamani ambazo betri zake zilikuwa zimezeeka, kwa maelezo kwamba ilifanya hivyo ili zisizimike ghafla. Baada ya malalamiko ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29. Wenye simu waliobadilisha betri waliona mwendo umerudi. Ni wangapi kabla ya hapo waliokuwa wamenunua simu mpya ya mamia ya dola kwa sababu ya betri ya dola 29?

Achukuliwe basi mwalimu wa sekondari mwenye simu ya miaka 3, inayozimika saa nane mchana na kuganda kila anapofungua picha. Dukani ameona toleo jipya la shilingi 1,800,000. Hana kiasi hicho, lakini ameambiwa anaweza kukopa na kukatwa kwenye mshahara kwa miezi 24. Ulinganisho wa bei ya leo peke yake haumsaidii. Hesabu inayomsaidia ni ya kugawa: bei yote, pamoja na riba, kwa miaka ambayo simu itamtumikia. Ikiwa riba itaifikisha bei kwenye shilingi 2,160,000 na simu ikadumu miaka 6, kila mwaka umemgharimu 360,000. Simu ya shilingi 600,000 itakayodumu miaka 4 itamgharimu 150,000 kwa mwaka. Simu ya 250,000 itakayomchosha baada ya mwaka mmoja itamgharimu 250,000. Hapo ndipo inapoonekana kwamba ya bei ndogo kuliko zote ilikuwa ghali kuliko ya katikati, na kwamba ya bei kubwa haikujitetea hata baada ya kupewa miaka 6. Na miaka hiyo 6 inadai kwamba isidondoke kwenye sakafu ya saruji na isichomolewe mfukoni ndani ya daladala. Kibaka hana habari na ahadi ya masasisho.

Utaratibu wa kumbakizia mtumishi angalau theluthi moja ya mshahara wake uliwekwa kwa sababu ilionekana kwamba mtu huweza kujikopesha hadi akakosa nauli ya kwendea kazini. Mwenye mkopo wa nyumba au wa ada ambao umekwisha kula sehemu yake ya makato, akiongeza na simu, atafika kwenye theluthi hiyo na kubaki hapo kwa miezi 24. Ugonjwa ukiingia nyumbani katika muda huo, simu yenyewe ndiyo itakayouzwa, tena kwa nusu ya bei, huku makato yakiendelea.

Kwa mwalimu huyo hatua ya kwanza ni fundi. Betri mpya, na kuhamisha picha na video za miaka 3 zilizojaza hifadhi, ni gharama ndogo ya kujaribu. Simu ikirudi kufanya kazi, na kama bado inapokea masasisho, hana haja ya kununua mwaka huu. Isiporudi, atafute toleo la katikati lililokwisha kukaa sokoni miezi michache, ambalo mafundi wa mjini kwake wana vioo na betri zake. Katika Umoja wa Ulaya, kuanzia tarehe 20 Juni 2025, kanuni inawataka watengenezaji wahakikishe vipuri vinapatikana kwa miaka 7 baada ya mauzo ya toleo kukoma. Huku mnunuzi hana budi kuuliza mwenyewe kabla kioo hakijapasuka.

Zawadi za ndugu walioko ng'ambo nazo ziangaliwe. iPhone 14 na matoleo yaliyofuata yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani hayana tundu la kuingizia laini. Hutumia laini ya kielektroniki iitwayo eSIM, na mpokeaji lazima kwanza aulize kampuni yake ya simu. Simu za Huawei zilizotoka baada ya vikwazo vya Marekani vya mwaka 2019, kuanzia Mate 30, ni nzuri kwa macho lakini zilitoka bila huduma za Google ambazo programu nyingi huzitegemea.

Na kwa atakayefika dukani akiwa ameamua, abonyeze *#06# kabla ya kulipa. Namba ya IMEI itakayotokea ailinganishe na ile iliyoandikwa kwenye boksi, kisha aitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, kwa utaratibu uliotangazwa na TCRA ilipokuwa ikijiandaa kuzima simu bandia mwezi Juni 2016. Usiku ule wengi waligundua kwamba simu mpya waliyojivunia haikuwa na namba halali, na aliyewauzia hakuwa amewapa risiti. Muuzaji akikasirika kwa kuona mteja anahakiki, maduka ya jirani yapo.