Punda anapoumwa mgongo: sindano, kunyooshwa, au mzigo upunguzwe?

Haya ni maneno ya afisa wa mifugo kwa wenye punda na vijana wa mikokoteni waliokutana Keroka, mpakani mwa Kisii na Nyamira.



Mliuliza kama punda anayeumwa mgongo anaweza kutibiwa kwa sindano za Kichina, au kwa kunyooshwa uti wa mgongo, kama wanavyofanyiwa farasi wa mbio huko ng'ambo. Nimefurahi mmeuliza kabla ya kulipa.

Sindano hizo si zile za dawa mnazozijua. Ni nyembamba sana, hazina dawa ndani, na hudungwa mahali maalumu mwilini. Madaktari wa mifugo wanaozitumia wana chama chao cha kimataifa tangu mwaka 1974. Tiba ya kunyoosha uti wa mgongo ilianzishwa kwa binadamu na D. D. Palmer huko Marekani mwaka 1895, ndipo baadaye ikafika kwa farasi.

Je, zinaponya? Mwaka 2006 watafiti walichapisha matokeo ya kupitia majaribio ya sindano hizo kwa wanyama wa kufugwa. Hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuzipendekeza wala wa kuzikataa, kwa ugonjwa wowote. Na mtu akikuambia kwamba mfupa wa mgongo wa punda wako umetoka na yeye ameurudisha kwa mkono, muulize maswali zaidi. Mfupa huo ukitoka kweli, kwa kawaida punda hasimami, sembuse kutembea hadi kwake.

Sisemi hivi kwa kudharau mikono ya watu wetu. Sisi ndio wenye omobari omotwe, aliyefungua mafuvu ya watu kwa vyombo vyake na wakapona, hata wasomi wa nje wakaja kumwandika. Lakini yeye alijifunza kazi kwa miaka mingi. Anayezunguka sokoni na sindano mfukoni amejifunza kwa nani?

Kuna jambo moja linalonitia hofu kuliko yote. Ugonjwa tunaouita pepopunda haukupewa jina hilo bure: punda na farasi ni wepesi sana kuupata. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na mavi, na huingia kwa kidonda kidogo tu. Sindano chafu moja, na punda anakakamaa miguu na taya mpaka anakufa.

Chuma cha moto nacho ni vivyo hivyo. Najua wako wanaochoma goti au bega la punda anayechechemea, na wanaapa kwamba alipona. Uingereza pia walichoma miguu ya farasi kwa miaka mingi, na mwaka 1983 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol wakaonyesha kwamba kuchoma hakusaidii. Kilichomponya punda wako ni zile wiki ulizomwacha apumzike kwa sababu ya kidonda. Mpe mapumziko hayo bila kidonda.

Sasa tuje kwenye mgongo wenyewe. Milima yetu ndiyo shida. Mkokoteni wa magurudumu mawili ukipakiwa ndizi zote mbele, uzito unamkalia punda mgongoni. Ukipakiwa nyuma, mikono ya mkokoteni inanyanyuka na mshipi unamkaba tumboni. Pakia, kisha inua mikono hiyo mwenyewe kabla ya kumfunga punda. Ukiweza kuishikilia bila kutoa jasho, mzigo umekaa sawa. Mkiteremka, punda asiye na mkanda wa nyuma ya mapaja hana breki nyingine ila shingo na mgongo wake. Mkanda huo ushonwe kwa mpira wa zamani au turubai, usiwe kamba ya nailoni. Anayebeba mgongoni asizidishiwe theluthi ya uzito wake: punda wa kilo 150, kilo 50. Na chini ya mzigo kuwe na tandiko nene linaloacha mfereji katikati, ili uti wa mgongo usiguswe.

Kisha kwato. Zikirefuka, punda anakanyaga vibaya, na maumivu yanapanda mpaka kiunoni. Zikatwe kila baada ya wiki sita hadi kumi. Punda halalamiki kama ng'ombe, kwa hiyo pitisha kiganja mgongoni kila asubuhi; akinywea au akigeuza masikio nyuma, siku hiyo hafungwi.

Nawaambia haya kwa sababu kumpata punda mwingine si rahisi tena. Sensa ya 2009 ilihesabu punda kama milioni 1.8 nchini; ile ya 2019 ilikuta kama milioni 1.2. Dawa ya Kichina iliyowafikia punda wetu kwa nguvu si sindano, ni ejiao, inayopikwa kutokana na ngozi zao. Machinjio yalifunguliwa kuanzia 2016, serikali ikayapiga marufuku Februari 2020, mahakama ikaiondoa marufuku hiyo 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda barani. Wakati huo wote, wezi walikuwa wanaingia mabomani usiku. Kijana aliyepoteza punda alipoteza karo ya watoto.

Anayetibu mnyama kwa malipo lazima awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, kwa sheria ya 2011. Mwombe akuonyeshe leseni, aliyenayo hakasiriki. Daktari aliyesajiliwa akikushauri kuhusu sindano hizo, msikilize, ila muulize kwanza kama ameangalia kwato na mkokoteni.

Maswali tutayajibu tukiwa pale chini ya miti, walipo punda. Tuanze na yule wa kijivu anayeinua mguu wa nyuma. Mwenyewe yuko wapi?