Chumba cha Moyo Kikibadilika Umbo

Mgonjwa akifika hospitalini Machakos tumbo limejaa maji, wengi hudhani ni ini. Daktari humwangalia shingoni: mshipa ukituna kila moyo unapopiga, huenda vali ya trikaspidi inavuja.

Vali hiyo ya upande wa kulia ina vipande vitatu, vimefungwa kwa nyuzi kwenye misuli ya chumba cha chini. Chumba kikitanuka, misuli husogea, nyuzi huvuta vipande, navyo havikutani tena. Damu hurudi juu. Vipande vyenyewe vyaweza kuwa vizima kabisa!

Nchini Uganda, mwaka 1948, daktari J. N. P. Davies alieleza ugonjwa wenye sura nyingine: kovu hujaza ncha ya chumba cha chini kikasinyaa, cha juu kikafura. Vali huvuja vilevile. Ekokadiogramu, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, huitambua tofauti.