Stensili ya Ofisini na Ukuta wa Nyumbani
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Sumbawanga)



Tumepewa ruhusa ya kusema mbele yenu juu ya jambo ambalo kwa jina lake laonekana dogo, yaani namna ya kupamba kuta za nyumba kwa stensili. Twajua ya kuwa wako miongoni mwenu wanaonong'ona ya kwamba ingalifaa kunena habari za mishahara, za likizo na za kupandishwa vyeo. Habari hizo zina siku zake, wala hazijakosa wasemaji. Tangu chama cha kwanza cha watumishi wa serikali Waafrika kilipoanzishwa Tanga mwaka 1922, naye Martin Kayamba akiwa rais wake, makarani wamejua kudai kilicho chao kwa maandishi mazuri. Lakini karani arudipo jioni, inayompokea ni nyumba, si barua aliyoiandika. Na katika nyumba zetu nyingi, tukisema kweli, ukuta hauna pambo ila kalenda ya duka ya mwaka uliopita na msumari wa kutundikia koti.

Tena si uzuri peke yake uliotuleta katika jambo hili. Karani ni mtu wa kuhamishwa. Leo yupo Sumbawanga, mwakani yupo Namanyere au Matai, na mwaka wa tatu barua yaja kumpeleka mbali asikopajua. Kila alichonunua ili nyumba ipendeze, kabati la vioo, meza ya kioo, picha kubwa yenye fremu, ama hupakiwa kwenye lori kikafika vipande vipande, ama huuzwa siku ya mwisho kwa bei anayoitaka mnunuzi. Na kwa kuwa vitu hivyo mara nyingi huchukuliwa kwa mkopo, wako wenzetu ambao kila mwisho wa mwezi wanalipia kabati walilokwisha kuliuza. Pambo lililopigwa ukutani kwa stensili halipakiwi kwenye lori. Huachiwa mpangaji ajaye, nacho kiolezo chake husafiri kimelala ndani ya kamusi.

Na tuanze kwa tunachokijua. Kurasa za jarida letu hupigwa kwa mashine ya saiklostaili, ingawa katika ofisi nyingi mashine hiyo imekwisha kuipisha kompyuta. Asili ya kazi hii ni ya karne ya 19: mwaka 1876 Thomas Edison wa Marekani alipata hati ya kumiliki ubunifu wa kalamu ya umeme iliyotoboa karatasi matundu madogo madogo ili wino upite; na mwaka 1887 A. B. Dick wa Chicago alianza kuuza mashine ya kunakili kwa njia hiyo. Huko London, David Gestetner, mzaliwa wa Hungaria, alijijengea sifa kwa kazi iyo hiyo, hata makarani wengi wakaiita mashine kwa jina lake. Kanuni ni moja: penye nta wino hauwezi kupita, penye tundu wino hupita. Apigaye taipu huondoa utepe, husafisha herufi kwa burashi, kisha hupiga, na kila herufi hukata nta.

Sasa yeyote aliyewahi kuikata stensili kwa taipu anajua maradhi ya herufi «o». Ukiipiga kwa nguvu kupita kiasi, kile kitovu chake hudondoka, na katika nakala zote yatokea doa jeusi mahali pa herufi. Maradhi hayo ndiyo elimu yote ya stensili ya ukutani. Kila umbo lenye kitu ndani yake, kama duara, jicho au ua lenye moyo, lataka vishikizo vya kuushika moyo huo usianguke. Nendeni mkatazame magunia ya mahindi yetu. Herufi O na A na R zilizopigwa chapa juu yake zimekatika mahali pawili, kana kwamba fundi alichoka. Hakuchoka, hivyo ni vishikizo. Wajapani, ambao tangu zamani hupamba vitambaa kwa violezo vya karatasi ya mforosadi iliyotiwa maji makali ya matunda isilowe, walichukia alama za vishikizo hivyo, wakavishika visiwa vyao kwa nyuzi nyembamba za hariri hata mtu asione kilichovishika. Sisi hatuna haja ya hariri, kwa sababu tutakayoyaeleza mbele kidogo.

Hapa hatuna budi kusema neno lililo zito. Stensili mpya iliyomo kabatini ofisini ni mali ya umma, na wino vivyo hivyo. Karani aliyeaminiwa ufunguo wa kabati hawezi kuupamba ukuta wake kwa vitu hivyo kisha akajiita mwungwana, na udhuru wa kwamba ni karatasi moja tu umewahi kuwapotezea watu kazi. Kwa bahati njema kishawishi chenyewe hakina faida. Stensili ya nta ni nyembamba mno, hupasuka kwa pigo la tatu la burashi. Na wino wa mashine una mafuta, haukauki vizuri juu ya chokaa, bali hukaa ukingoja mabega ya watoto.

Kiolezo cha ukutani hutengenezwa kwa karatasi ngumu, kama ile ya maboksi ya viatu au ya manila inunuliwayo dukani. Chora umbo kwa penseli, lakini usikate bado. Yeyusha nta ya nyuki, ambayo kwetu haina shida kupatikana, au kipande cha mshumaa, ipake karatasi pande zote mbili, kisha pitisha pasi ya moto juu yake ukiwa umeweka gazeti kuukuu katikati, hata nta iingie ndani ya karatasi. Ikipoa, ilaze juu ya ubao, ukate kwa wembe mpya. Wembe butu huvuta karatasi na kuacha nyuzi, na nyuzi hizo huonekana ukutani milele. Pembeni acha vidole vitatu vya karatasi isiyokatwa, la sivyo burashi itavuka mpaka. Filamu kuukuu za eksirei, ambazo watu wengi huzihifadhi nyumbani bila kujua kwa nini, hufaa kuliko karatasi, maana hazilowi kabisa na zaweza kuoshwa.

Juu ya rangi twataka kukawia kidogo, kwa kuwa hapo ndipo fedha ipoteapo. Wengi hudhani ya kuwa pasipo rangi ya kopo hakuna pambo. Hivi sivyo. Uwanda wetu wa Ufipa una udongo mwekundu, wa manjano, na mweupe, na mama zetu vijijini wanaujua udongo huo ulipo na ulivyo kuliko sisi tuliokaa shuleni. Twafute udongo huo, uloweke, uchuje kwa kitambaa chembamba, uache utulie usiku kucha, mwage maji ya juu: kilichobaki ni rangi. Kwa ukuta wa udongo changanya na uji mwepesi wa unga wa ngano ili ushike. Kwa ukuta wa chokaa, changanya na chokaa yenyewe iliyozimwa na kuchujwa, na chumvi kidogo. Udongo wenye kutu ya chuma hauchujuki kwa ukali wa chokaa kama zichujukavyo rangi nyingi za maua na majani. Buluu ya kufulia nguo nayo hustahimili. Masizi hukataa maji mpaka uyakoroge kwanza na sabuni kidogo. Chokaa mbichi huunguza macho na ngozi. Watoto wasikae karibu.

Kazi hii na ifanywe kiangazi. Baridi ya Juni na Julai huku kwetu ni kali, lakini hewa ni kavu, na rangi hukauka upesi. Wakati wa masika rangi yenye uji huota ukungu.

Wako wanaoona haya kwa ukuta wa udongo. Na waende wakayaone malungu, zile tanuru ndefu za kuyeyushia chuma, ambazo baadhi yake zimesimama bado porini hapa Ufipa. Ziliacha kutumika katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, hazina bati wala saruji, na mvua za miaka yote hiyo hazijazimaliza. Udongo uliojengwa na ajuaye hauna aibu.

Twaja kwenye umbo, na hapa ndipo tunapotofautiana na wenzetu wengi. Karani akipata kiolezo kwa mara ya kwanza, hutaka waridi. Huliona kwenye kalenda au kwenye kitambaa cha meza, naye hulikata. Sasa waridi limejaa visiwa. Kila jani la ua limo ndani ya jingine. Fundi mgeni hulipa vishikizo kumi na viwili, na likisha kupigwa ukutani halifanani na waridi wala kabichi. Ua ni zuri, ila halikuzaliwa kwa ajili ya stensili.

Mtungi wa mama yako ulizaliwa kwa ajili yake. Tazameni shingo ya chungu cha kienyeji: mistari iliyolala, kisha safu ya mistari iliyoinama, kisha tena mistari iliyolala. Hakuna mstari unaomzunguka mwenzake, kwa hiyo hakuna kisiwa, wala hakuna kishikizo kitakachotakiwa. Mfinyanzi huchora mstari mmoja baada ya mmoja na kuacha nafasi kati yake, na mwenye wembe hukata vivyo hivyo. Desturi hii si ya jana. Kwenye maporomoko ya Kalambo, mpakani mwetu na Zambia, ambako maji huanguka zaidi ya mita 200, mtaalamu J. Desmond Clark alichimba katika miaka ya 1950, akapata vyungu vya milenia ya kwanza baada ya Kristo vyenye mistari iliyochimbwa kama mifereji kuzunguka shingo. (Hapo hapo, kama ilivyotangazwa mwaka 2023, yalipatikana magogo mawili yaliyochongwa yakaunganishwa miaka ipatayo 476,000 iliyopita. Wanaosema ya kuwa huku nyuma hapakuwa na mafundi na waihesabu miaka hiyo polepole.) Ungo na mkeka vina mafundisho yale yale: pembetatu, ngazi, zigizaga. Pembetatu zikikutana nchani, acha nafasi ya unene wa njiti ya kiberiti, ili karatasi isikatike.

Mpango wa ukuta tuuchukue kwa kanga. Kanga ina pindo, nayo ina mji. Asiye na kipimo hujaza maua kila mahali hata chumba chaonekana kama duka la vitambaa. Piga pindo moja kuzunguka chumba kwa kimo cha kiuno cha mtu aliyesimama, na uuache mji uwe mtupu na safi. Ikibaki rangi, piga pindo jembamba kuzunguka mlango. Kuhusu maneno, kanga huyabeba kwa sababu huvaliwa na kuvuliwa, ukuta hauvuliki. Tumewahi kuona sebuleni maneno makali yaliyokusudiwa jirani, na jirani amekwisha kuhama.

Kupiga kwenyewe ni rahisi. Kata kipande cha dodoki kikavu, kitie rangi, kisha kigonge juu ya gazeti mpaka kiwe karibu kukauka. Rangi ikiwa nyingi hupenya chini ya kiolezo. Gonga moja kwa moja ukutani, usipake kwa kuburuta. Kabla ya hapo nyosha uzi uliopakwa unga wa mkaa kutoka pembe hata pembe, uvute na kuuachia, nao utaandika mstari ulionyooka. Chumba cha mita 3.6 kwa mita 3 kina mzingo wa mita 13.2, ondoa mlango wa sentimita 90, zabaki mita 12.3, na kiolezo cha sentimita 30 kitapigwa mara 41. Anza kwenye ubavu mmoja wa mlango ukaishie kwenye ubavu wa pili, maana hapo mwisho hauhitaji kukutana na mwanzo. Kikibaki kipande kisichotosha, kigawe katika nafasi zote. Jicho halitambui upungufu wa unene wa ukucha, lakini latambua pigo lililokatwa nusu.

Limebaki neno moja juu ya wake zetu. Katika vijiji vingi kukandika na kupaka ukuta ni kazi ya wanawake, nao wana macho ya kazi hiyo. Wako mabwana watakaosikia hotuba hii, wakaenda kukata kiolezo usiku, na kukipiga ukutani asubuhi mama wa nyumba akiwa sokoni. Bwana wa namna hiyo asije kwetu kulalamika. Mwulize mkeo kwanza rangi aitakayo na mahali aitakapo. Huenda akakuambia ukate tu, apige yeye. Na mwenye kupanga, amwulize pia mwenye nyumba, kwa barua ikiwezekana, maana wako wanaotoza fedha kwa msumari.

Violezo vitatu tulivyovikata kwa mfano wa shingo ya chungu tumeviacha kwa Bwana Katibu. Mwanachama aweza kuviazima kwa juma moja, aandike jina lake kwenye daftari, na avirudishe vikiwa vimeoshwa kwa maji baridi, kwani maji ya moto huyeyusha nta. Atakayetaka kuona kazi yenyewe, na aje Jumamosi baada ya chakula cha mchana kwenye chumba chetu cha mikutano, ambacho ukuta wake wa nyuma Mwenyekiti ameturuhusu kuupiga. Aje na wembe wake.